Maksai Walionusurika

Agripina aliolewa Mungaa akitokea Ihanja, na miaka ile ya mwanzo aliyemtesa hakuwa mume, alikuwa mama mkwe. Marietha alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, ambaye hakuna kitu kilichompita bila kukitia kasoro. Alionja ugali wa mkamwana wake akasema mbichi. Alitazama mistari ya uwele aliyoipanda akasema imelewa. Agripina alilia sana siku hizo, akajificha nyuma ya nyumba asionekane. Lakini miaka ina namna yake. Baba mkwe alifariki, binti yao Happiness akazaliwa, miguu ya Marietha ikaanza kuvimba kila mvua zikikaribia, na wanawake wale wawili wakajikuta wanakaa jikoni wakichambua mlenda na kucheka mambo ambayo Antipasi, mume wa mmoja na mtoto wa mwingine, hakuruhusiwa kuyasikia.

Waliishi kwenye tembe alilolijenga marehemu baba mkwe: nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake tambarare, udongo ulioshindiliwa juu ya boriti. Upande mmoja walilala watu, upande wa pili mifugo, kila upande na mlango wake. Tembe ni nyumba nzuri kwa nchi ya ukame. Jua likiwaka ndani kuna ubaridi, na upepo wa mwezi wa sita ukivuma ndani kuna joto. Adui yake ni mvua isiyokatika.

Mwaka mmoja alizeti ilikubali, familia ikakaa kushauriana: wanunue bati, au wanunue maksai wa kulimia? Antipasi alitaka bati. Marietha ndiye aliyekata shauri.

"Bati haliliwi," alisema. "Nunueni ng'ombe. Mimi na hili paa tumezeeka pamoja, litanistahi."

Wakanunua maksai wawili na plau. Mmoja alikuwa mweusi mwenye doa jeupe usoni, wakamwita Waziri. Wa pili wa rangi ya kahawia, mkaidi, wakamwita Kapteni. Antipasi aliwapenda wale ng'ombe kupita kiasi. Akiwa analima alizungumza nao kama mtu anavyozungumza na kaka zake, kwa Kinyaturu, taratibu, bila fimbo. Msimu wa kwanza tu shamba lao la bondeni lilipanuka mpaka ukingoni mwa korongo, na kwa mara ya kwanza Agripina aliona chakula cha ghalani kikidumu hadi kupita mwezi wa pili, kipya kikikaribia kuiva.

Kisha zikaja zile mvua ambazo redio ilizitangaza mapema kwamba zitakuwa za El Nino. Zilianza kwa neema. Watu walipanda, mbegu ikaota, kila mtu akasifu. Baada ya Krismasi mawingu yakakaa juu ya nchi yakakataa kuondoka. Kuta zikaanza kutoa jasho. Juu ya paa la tembe majani yakaota kama shambani, na kila asubuhi Antipasi alipanda kukwangua tope na kuziba nyufa, akishuka anasema litahimili.

Siku yenyewe, ilipofika alasiri, Marietha alikuwa amelala ndani, miguu imevimba hata kusimama hawezi. Agripina alikuwa amevuka korongo kwenda kwa Asnath, mjane jirani yao, kumsaidia kuhamishia mbuzi kwenye mwinuko. Walipomaliza aliaga, na Asnath akamsindikiza na kipande cha nailoni kichwani. Walipofika kwenye kivuko, kivuko hakikuwapo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti mizima na mizizi yake, na ngurumo yake ilitetemesha ardhi chini ya miguu.

Nyumba yao ilionekana ng'ambo, juu ya mteremko, pembe moja ya ukuta imeshameguka. Agripina aliona mlango wa upande wa mifugo ukifunguka na Antipasi akitoka anamvuta Waziri kwa kamba. Akamfunga kwenye mti wa mgunga. Akaigeukia nyumba tena. Agripina alishusha pumzi, akidhani sasa atatoka na mama mgongoni. Lakini aliingia mlango ule ule. Akatoka kinyumenyume akimvuta Kapteni, na Kapteni, kwa ukaidi wake, akapiga magoti mlangoni akagoma. Wakavutana.

"Mama!" Agripina alipiga kelele. "Mtoe mama!"

Maji yalimeza sauti. Kapteni aliinuka hatimaye, akatoka. Antipasi akamwachia kamba, akageuka kuelekea mlango wa watu. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa pale paa lilipoanza kushuka katikati, polepole, kama mtu aliyechoka anavyokaa chini. Kuta zikafuata.

Asnath alimshika Agripina kiunoni kwa mikono miwili ili asijitupe majini.

Alivuka kesho yake asubuhi maji yalipopungua, amevaa nguo za Asnath. Majirani walikuwa wameshamfukua Marietha wakaulaza mwili wake nyumbani kwa Paschal, mdogo wake Antipasi. Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai, na Antipasi alikuwa anasimulia, macho yametazama ardhi.

"Nilikuwa bondeni naangalia shamba. Nimerudi nimekuta paa limeshashuka. Ng'ombe walikuwa wameshatoka wenyewe."

Watu walitikisa vichwa, wakasema pole, wakasema kazi ya Mungu. Agripina aliyasikia maneno yale akiwa amesimama, kisha akaenda kukaa na wanawake akalia. Hakusema kitu. Mwanzoni hakusema kwa sababu ulikuwa msiba. Baadaye hakusema kwa sababu hakuwa amesema mwanzoni. Asnath naye, aliyeona yote kama alivyoona yeye, alifunga mdomo, na hawakuwahi kulizungumza hata wakiwa wawili.

Baada ya maziko walikwenda kuangalia shamba. Korongo lilikuwa limehama. Lilikuwa limepita katikati ya alizeti yao, na lilipoondoka lilikuwa limeacha mchanga, mchanga mweupe, safi, umetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo kama shuka lililotandikwa. Agripina aliingiza mkono kutafuta udongo. Mkono ulizama mpaka kiwiko, bado mchanga.

Msaada ulikuja. Parokia ilileta unga na mablanketi, serikali ikaleta turubai na maharage, viongozi walipita wakatazama na kuandika, wakasema poleni sana. Familia ililala darasani mpaka shule ilipofunguliwa, kisha wakahamia kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Paschal. Happiness, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari ya bweni na alikuja kwa maziko, alirudi shule na godoro la kuazima. Ule mwaka watu walikula mara moja kwa siku. Asnath, ambaye mbuzi wake wengi walikufa kwa homa ya ile baridi, alikuwa anakuja na majani ya mlenda kwenye kanga, Agripina anatoa unga, wanapika sufuria moja.

Waziri na Kapteni walikuwa hai, wamenona kwa majani mabichi. Antipasi hakuwasogelea. Aliyewapeleka malishoni alikuwa Agripina. Akimkuta mumewe amekaa njiani, Antipasi aligeuza uso mpaka ng'ombe wapite.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kujikusanya tena. Afisa ugani aligawa mbegu za mtama wa muda mfupi, na bado walikuwa na kipande cha juu, chenye mawe, ambacho maji hayakukigusa. Agripina alitoa nira, akaipaka mafuta.

"Baba Happiness, kesho tuanze kule juu."

"Ng'ombe wale wagonjwa."

"Wagonjwa wa nini? Mbona wanakula?"

"Nimesema wagonjwa."

Alimsihi siku hiyo na siku iliyofuata. Mwishowe Antipasi alisema anakwenda Singida Mjini kuponda kokoto, kwamba huko kuna kazi ya uhakika, atatuma chochote atakachopata. Aliondoka na nyundo na blanketi moja. Agripina alimtazama akipotea kwenye kona ya njia, na alichohisi, kwa aibu yake, kilikuwa nafuu.

Huko kwao mwanamke hakushika plau. Ng'ombe ni wa mwanamume. Mwanamke ana jembe la mkono na ana mbegu. Agripina hakuwa na nguvu ya kulima kile kipande kwa mkono kabla mvua haijamwacha. Akaenda kwa Asnath.

"Wewe ongoza mbele, mimi nishike nyuma. Tukimaliza kwangu tunakwenda kwako."

"Tutachekwa."

"Njaa nayo itatucheka."

Siku ya kwanza walilima upuuzi. Plau iliruka juu ya mawe, Kapteni aliwakokota mpaka kwenye miiba, Agripina aliburuzwa kwa kifua akachubuka, na wanaume waliokuwa wakipita barabarani walisimama kutazama. Mmoja alipiga mluzi. Jioni mikono yake ilishindwa kushika kijiko. Siku ya pili alikumbuka jinsi mumewe alivyozungumza na wale wanyama, akajaribu, akiita majina yao taratibu kwa Kinyaturu, na Waziri akasimamisha masikio. Siku hiyo mstari ulinyooka kidogo.

Walimaliza kwa Agripina, wakamaliza kwa Asnath. Akaja mzee Nathanaeli, ambaye wanawe wote walikuwa mjini na maji yalimwachia kipande kidogo tu, akauliza bila kuwatazama usoni kama wanaweza kumgusia na yeye. Atawalipa madebe ya mtama akivuna. Wakamlimia. Wakaja wengine. Nyumba nyingi zilikuwa zimeuza au kuchinja ng'ombe wao wakati wa njaa, na kwa kitongoji kizima jozi iliyobaki yenye mafunzo ilikuwa ile. Wanaume waliopiga mluzi walianza kuamkia mlangoni kwa Agripina kusubiri zamu.

Mavuno hayakuwa makubwa, lakini yalikuwa mavuno. Malipo ya wale waliolimiwa yalijaza pembe ya kibanda. Agripina alifyatua matofali, akachoma, akajenga vyumba viwili kwenye mwinuko mbali na korongo, akaezeka kimoja kwa bati na kingine kwa nyasi. Kule bondeni alikuwa akienda kila alipopata nafasi, yeye na Asnath, kukwangua mchanga kwa beleshi na kuusukuma kwenye mkokoteni. Walifanikiwa kufunua kipande cha ukubwa wa uwanja wa nyumba. Chini yake udongo mweusi ulikuwa bado upo.

Misa ya kumbukumbu ya Marietha ilikuwa imeahirishwa kwa kukosa chakula cha kulisha watu. Sasa watu wamevuna, Paschal akaita kikao cha ukoo. Antipasi alikuja kutoka mjini. Alikuwa amekonda, vumbi la mawe limeingia kwenye mikunjo ya uso, jicho moja jekundu. Alikaa kwenye kigoda kando ya mdogo wake, Agripina akakaa kwenye mkeka na wanawake.

"Mama ametulea sisi sote," Paschal alisema. "Hatuwezi kumkumbuka mama kwa kuku."

"Tutachinja Waziri," Antipasi alisema.

Wanawake walipiga vigelegele. Ulikuwa uamuzi wa heshima: mtoto kutoa ng'ombe wake bora kwa ajili ya mama. Hata shangazi, dada yake marehemu baba mkwe, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alisema huyo ndiye mwana.

Agripina alisikia sauti yake kabla hajajua kama anasema. "Waziri hachinjwi."

Mkamwana hazungumzi hivyo mbele ya ukoo. Paschal alimgeukia polepole.

"Shemeji, umesema nini?"

"Nimesema hachinjwi. Nitatoa mtama wote nilio nao, tununue mbuzi. Waziri abaki."

Antipasi aliinuka akatoka, na kwa ishara ya kichwa akamwita mkewe. Walisimama nyuma ya zizi, jua la saa kumi likiwapiga usoni.

"Umenivua nguo mbele ya ndugu zangu, Mama Happiness."

"Ukimchinja Waziri, Kapteni atavuta na nani? Tutalima kwa kucha?"

"Simtaki yule ng'ombe. Simtaki hata kumsikia. Nikimwona tu..."

"Najua."

"Hujui."

"Najua, Baba Happiness. Siku ile nilikuwa kwenye kivuko, ng'ambo. Nilikuona tangu unamtoa Waziri."

Antipasi alishika mti wa zizi. Alitazama mikono yake mwenyewe, iliyojaa makovu ya kokoto.

"Aliniita," alisema. "Nilikuwa napita na ule mnyama, mama akaniita kwa ndani. Nikamwambia, mama, nakuja. Akanijibu, haya. Akasema haya, kama mtu anayesubiri chai." Akakwangua gome la mti kwa ukucha. "Nilidhani litasimama. Lilikuwa limesimama siku zote."

Agripina alitaka kumgusa bega, mkono ukakataa kwenda.

"Mwaka mzima na zaidi umenyamaza," Antipasi alisema. "Unga wako nimekula, maji umenipa, na unajua."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ningekuwa mimi, sijui ningeanza na yupi."

Alikuwa ameitafuta sentensi ile miezi mingi, na alipoisema hakuwa na hakika kama ni kweli. Siku nyingine, akiwa na plau mkononi na tumbo limeshiba, aliona ni kweli. Siku nyingine aliiona miguu ya Marietha iliyovimba, akajua angemtoa yeye kwanza hata kama ng'ombe wote wa Mungaa wangekufa.

Antipasi alifuta uso kwa kiganja, akarudi kikaoni. Agripina alimfuata. Aliona katika mwendo wa mumewe kitu kama uamuzi, akadhani sasa atasema. Antipasi alikaa. Ndugu zake wote walimtazama.

"Waziri abaki," alisema. "Mke wangu amekataa."



Walichinja mbuzi. Misa ilisomwa, watu wakala, na kabla sufuria hazijaoshwa habari ilikuwa imefika mpaka Ihanja: kuna mwanamke amemnyima mama mkwe wake ng'ombe wa kumbukumbu. Alimpenda ng'ombe kuliko mtu. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisani walipunguza kumpitia jioni. Shangazi alikataa kupokea maji kutoka mkononi mwake. Agripina alijua neno moja ambalo lingegeuza yote yale, na neno hilo alilala nalo na kuamka nalo. Asnath alimwambia mara moja tu, wakiwa wanakwangua mchanga, "Mimi nina mdomo, ukiuhitaji." Agripina alijibu, "Uache hapo hapo."

Hakufanya hivyo kwa upendo, au si kwa upendo peke yake. Mtu akijua mwanamume fulani alimwacha mama yake chini ya paa akatoa ng'ombe, mwanamume huyo hana pa kurudi, na binti yake hana pa kuolewa. Naye Agripina hakutaka kuwa mjane wa mtu aliye hai.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Antipasi alirudi mjini kwenye mawe yake. Mwanzoni alituma sukari na sabuni kwa kondakta wa basi. Kisha akatuma sabuni tu. Mtu aliyekwenda mjini kuuza kuku alisema alimwona karibu na ziwa Kindai, amekaa kwenye rundo la kokoto, amemsalimia, Antipasi akaitikia kama wasiofahamiana.

Mvua zilipokaribia tena, Paschal alikuja asubuhi, akasimama mbali na mlango.

"Shemeji, salama?"

"Salama, shemeji. Karibu ukae."

"Sikai. Shamba langu halijaguswa."

"Alhamisi nitakuja."

Alhamisi Agripina alikwenda na Asnath. Walilima toka kunapambazuka hadi jua kali, na mke wa Paschal akawaletea uji, akauweka chini ya kichaka bila kusema karibuni. Asnath aliunywa wote, akasema uji hauna kosa.

Mwezi wa kumi na mbili Happiness alirudi likizo. Alikuwa amerefuka, na alikuwa na ule utazamaji wa bibi yake, wa kutia vitu kasoro. Siku ya tatu ya likizo alikwenda na mama yake na Asnath bondeni kwenye kile kipande walichokifunua, ambacho sasa kilikuwa kimeongezeka kidogo, kupanda choroko. Aliongoza ng'ombe vizuri. Walipofika mwisho wa mstari alisimama, hakugeuza.

"Mama, shuleni kuna msichana wa Ihanja. Amenisimulia mbele ya bweni zima." Akamgeukia mama yake. "Ni kweli ulimnyima bibi ng'ombe?"

Asnath, aliyekuwa anafuata na kibuyu cha mbegu, alisimama. Alifungua mdomo. Agripina akamtazama, na Asnath akaufunga, akainama kufukia mbegu ambayo ilikuwa imeshafukiwa.

"Ni kweli," Agripina alisema.

"Bibi? Bibi aliyenilea?"

"Nimeshakujibu."

Happiness aliiweka kamba chini. Hakuitupa, aliiweka, akapandisha mteremko kuelekea nyumbani bila kugeuka, na mchanga ukawa unamrudisha nyuma kila anapokanyaga. Agripina alimtazama mpaka akaingia ndani. 

Upande wa mashariki wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Asnath aliweka kibuyu chini, akapita mbele ya ng'ombe, akaokota kamba.

"Tugeuze?" aliuliza.

"Geuza."